Mwenyekiti Akae Nje

Sala ya kufungulia kikao ilikwisha, feni ikaendelea kuzunguka, na watu watano walioketi mezani wakainamia mikono yao kama waliokuja kuungama. Telesia alikuwa amesimama mbele ya ubao, kalamu mkononi, tabasamu limeanza kumkauka. Swali lilikuwa pale nyuma yake kwa herufi kubwa: tufanye nini krispi zetu zinunuliwe tena?

"Jamani, hakuna wazo baya," alisema. "Leo tunabungua bongo. Semeni lolote, hata la kijinga. La kijinga ndilo ninalolitaka hasa."

Mabinti wawili wa hesabu walitazamana, kisha kila mmoja akatafuta cha kutazama dirishani. Haloti wa stoo alifungua mdomo, akaufunga. Bi Lupe wa mauzo, mtu mzima aliyekuwapo katika kiwanda hiki cha Tonga tangu karai la kwanza la mafuta, alikuwa anaunyoosha mshipi wake wa ukili kiunoni ingawa haukuwa na kosa lolote. Na mwisho wa meza, karibu kabisa na mlango, Fe'ao msimamizi wa ukaangaji aliangalia vidole vyake vya miguu.

Huyo Fe'ao ndiye aliyemkera Telesia kuliko wote. Angekuwa bubu, basi, angemwonea huruma. Lakini Fe'ao bubu? Weee! Banda la kukaangia liko ng'ambo ya ua, na kutwa nzima ungemsikia akiwavunja watu mbavu juu ya shelisheli lililokatwa kama kiatu, au juu ya pasta wao aliyesinzia kwenye mahubiri yake mwenyewe. Ukitaka kujua mashine inaharibika wapi na kwa nini, yeye ndiye atakayekwambia, na atakwambia huku unashika tumbo. Ila Telesia akitia mguu tu bandani, kicheko kinakatika. Fe'ao anainamisha kichwa, anachukua ndoo asiyoihitaji, anatokea mlango wa nyuma.

Nani asingeudhika? Watu walikuwa wamemwambia Telesia kwamba cheo cha mkuu wa kitengo kilinukia kuwa cha Fe'ao, kabla hajaletwa yeye kutoka Auckland na cheti chake cha kuongoza mikutano. Basi yeye akajumlisha moja na moja. Mtu ana kinyongo. Anamfanyia kiburi cha kimya, na wenzake wanamfuata.

Na wakati haukuwa wa kiburi. Mkurugenzi wao, Craig Hallam, alikaa huko huko Auckland kwenye soko la krispi zao za shelisheli na magimbi, na wiki iliyopita alikuwa amempigia simu bila kuzunguka. Mauzo yameshuka. Mwezi ukiisha lazima mshahara mmoja utoke katika kile chumba cha watu sita. "Sitaki kumtoa mtu kwa bahati nasibu," alisema. "Fanya vikao, niletee mawazo, na kila wazo liandike na jina la aliyelitoa. Asiyechangia ndiye atakayekwenda."

Telesia aliwaeleza wenzake hayo yote waziwazi, maana hakuwa mtu wa kuficha. Alidhani yatawafungua midomo. Loo, yaliifunga zaidi.

Alijaribu kila alichofundishwa. Aligawa vikaratasi vya rangi, kila mtu aandike wazo abandike ukutani. Vikaratasi vya Fe'ao vilibaki vyeupe. Alizungusha zamu, mmoja mmoja; zamu ilipofika mwisho wa meza Fe'ao alisema kwa sauti ya chini, "Naungana na waliotangulia," na waliotangulia walikuwa hawajasema kitu. Alileta keki ya ndizi. Keki ililiwa.

Jumatano akatoa silaha yake ya mwisho. "Haya, leo sitaki wazo zuri. Nataka wazo baya kabisa, baya la kutia aibu. Atakayetoa baya kuliko yote anapata zawadi."

Haloti, maskini, kijana wa watu, alivutwa na ile zawadi. "Mimi naona," alianza, macho yameshawaka, "pale kwenye mfuko tuondoe ule mnazi, tuweke picha ya msichana yuko ufukweni, halafu amevaa ka..."

"Haloti!" Bi Lupe alipiga meza kofi.

Haloti akaganda. Damu ilimpanda usoni, akamtazama Fe'ao, akamtazama Telesia, akataka kuingia chini ya meza. Mabinti wa hesabu walijifunika nyuso kwa vikaratasi. Fe'ao alisimama, akaurekebisha mkeka wake wa kiunoni, vazi la heshima la Kitonga, akafungua mlango na kutoka bila hata kuomba ruhusa. Kupitia dirishani Telesia alimwona kwenye bomba la uani, anaosha mikono ambayo haikuwa michafu.

"Ndiyo hayo sasa," Telesia alisema. Hasira ilikuwa imempanda. "Mmeona wenyewe. Mtu anatoka kikaoni kwangu kama ninauza maandazi."

Bi Lupe alimtazama kwa jicho la ajabu, jicho la mtu anayejiuliza kama mwenzake ana homa, kisha akaanza kukusanya vikombe.

Mchana ule ule Telesia alimpigia simu mkurugenzi. Hakutafuna maneno. "Asiyechangia ni Fe'ao."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Sawa. Mwisho wa mwezi nitamwandikia."

Alipokata simu alijisikia mwepesi kwa muda mfupi tu, kisha akajisikia vibaya, kisha akajiambia kwamba kazi ni kazi. Alirudi nyumbani, kijijini Folaha, akiwa amechoka, akamkuta mama yake anamenya kiazi kikuu kinene chenye urefu wa mkono, na sufuria inanukia tui na majani ya magimbi.

"Motu kaleta viazi tena," mama alisema. "Hakuingia. Kaviweka jikoni, kaondoka."

"Mungu ambariki," Telesia alisema, akajitupa kwenye mkeka.

Huyo Motu alikuwa mtu wa kapu tu kwake. Tangu Telesia aliporudi kumwuguza mama yake miguu, kila vuno, na hata kusipokuwa na vuno, kapu lilikutwa jikoni: viazi vikuu, ndizi, mara samaki aliyefungwa kwa jani. Motu kaleta. Telesia alidhani ni kijana fulani wa kanisani mwenye moyo mzuri. Hakuuliza. Alikuwa amechukuliwa na shangazi yake kwenda Auckland akiwa mtoto wa chekechea, na huko kwa shangazi watu walikuwa wengi na majina mengi, na kutouliza uliza ndiyo ilikuwa adabu. Alikula viazi, akashukuru, akalala.

Wiki iliyofuata, Jumanne asubuhi, habari ilifika kiwandani kwamba baba yake Fe'ao amefariki. Mzee alikuwa mgonjwa muda mrefu. Mashine zilizimwa, Bi Lupe akasali, na kazi ikasimama. Telesia alifanya kama anavyofanya kiongozi yeyote. Aliagiza stoo itoe maboksi ya krispi, vile vipakiti vidogo vidogo, vipelekwe msibani kwa niaba ya ofisi. Kisha akaenda nyumbani kuvaa nguo nyeusi. Moyoni aliona haya kidogo. Utamzikaje baba wa mtu uliyemtolea jina la kufukuzwa? Lakini alijiambia atakaa nyuma, atatoa pole, atarudi.

Alipotoka chumbani na mkeka wake mwembamba wa ofisini kiunoni, mama yake alikuwa amesimama sebuleni na fimbo yake, na mkononi kakumbatia lundo la mkeka mkubwa, mkuukuu, uliochakaa na kuchanika pembeni, mkeka wa kumfunika mtu kutoka magotini mpaka kifuani.

"Vua hicho. Vaa hili."

Telesia alicheka. "Mama! Hilo ni la watoto wa marehemu. Mimi naenda tu kama bosi."

"Bosi?" Mama aliuliza. "Bosi wa nani? Utasimamaje mbele ya watu na kijimkeka hicho, anazikwa mume wa mama yako mdogo?"

"Mama yangu mdogo yupi?"

Mama alimtazama mpaka Telesia akaona kuna jambo. "Telesia mwanangu. Mama yake Fe'ao, Mungu amrehemu, si mtoto wa dada yake bibi yako? Tulilala mkeka mmoja mimi naye mpaka tunaolewa. Baba yake Motu ndiye aliyekufa. Sasa wewe ulidhani unakwenda kumzika nani?"

"Motu," Telesia alisema. "Motu ndiye Fe'ao?"

"Motu ni jina la nyumbani. Toka anatambaa. Hee, mtoto huyu! Ulidhani viazi vinaletwa na nani, na malaika?"

Telesia alikaa chini. Huku kwetu mtoto wa mama mdogo ni ndugu yako tumbo moja, hilo hata yeye wa Auckland alilijua; na kaka na dada, wakishakua, hawakai chumba kimoja kupiga soga, hawataniani, hawasikilizi mzaha wa mtu mwingine wakiwa pamoja, sembuse mzaha wa msichana wa ufukweni. Kaka anamwinamia dada yake maisha yake yote. Anamlimia. Anampisha njia. Usilolijua ni usiku wa giza, na Telesia alikuwa amekaa gizani miezi yote ile huku akiwafundisha watu kuona.

Aliyakumbuka yote kwa mkupuo: ile ndoo, mlango wa nyuma, vidole vya miguu. Akakumbuka alivyomsimamia kaka yake mbele za watu na kumwambia toa la kutia aibu, utapata zawadi. Uso ulimwaka moto.

"Mama," alisema, "nimemchongea."

"Umemchongea nani?"

"Motu. Nimempa mzungu jina lake. Nimesema hana faida."

Mama hakupiga kelele, na Telesia alitamani apige. Alimsogelea tu na ule mkeka, akamzungushia kiunoni, akaufunga kwa kamba ya nazi akaikaza mpaka pumzi ikamtoka. "Basi ulivyolifunga utalifungua," alisema. "Twende tukazike."

Nyuma ya nyumba ya msiba moshi wa matanuri ya ardhini ulikuwa umetanda. Wenye mikeka mikubwa wote walikuwa huko, ndiko walikostahili, kazini. Telesia alipewa kisu na rundo la magimbi, akaketishwa ubavuni kwa Bi Lupe. Mbele kidogo wanaume walikuwa wanachochea mawe, na Fe'ao kati yao, kavaa mkeka uliochakaa kuliko wa wote, nywele hazijachanwa, macho mekundu. Aliinua kichwa akamwona. Akaona mkeka aliovaa. Kisha akainama, akahamia upande wa pili wa tanuri ili amwachie nafasi, na safari hii Telesia alielewa maana yake. Machozi yalimtoka, yakachanganyika na moshi, hakuna aliyemwuliza kitu.

"Bi Lupe," alinong'ona. "Mlijua wote?"

"Nani asiyejua?" Bi Lupe alijibu bila kuacha kumenya. "Folaha nzima inajua."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tukwambie nini? Kwamba kaka yako ni kaka yako?" Bi Lupe alishusha kisu. "Sisi tulidhani unajua, ila umesoma Niu Zilandi mpaka haya imekwisha. Unamweka kaka yako mezani, unatwambia tutoe mizaha mbele yenu. Mtu mwenye akili zake atataniaje hapo? Anawavunjia heshima nyote wawili. Haloti kalia siku ile, unajua? Kaenda kumwomba Fe'ao radhi kwa magoti."

"Na Fe'ao alisemaje juu yangu?"

"Fe'ao?" Bi Lupe alimkazia macho. "Neno baya moja sijalisikia. Aliye na neno baya juu ya dada yake huyo ni mtu?"

Mbele, mlangoni mwa nyumba, dada wawili wa marehemu, shangazi zake Fe'ao, wanawake wa heshima waliokaa ndani kwenye mikeka mizuri, walikuwa wanapokea vilivyoletwa. Familia hii nguruwe, ile marobota ya nguo za magome ya miti, ile mikeka. Ikafika zawadi ya ofisi, maboksi yamefunguka njiani, vipakiti vinamwagika.

"Hivi ni vya nani?" aliuliza shangazi mmoja, ameshika kipakiti kwa vidole viwili.

"Vya kiwandani."

"Vya kulisha ndege?"

Wanawake walijibana wasicheke msibani. Huko nyuma kwenye matanuri wanaume walisikia, na Telesia alisikia, akatamani ardhi ipasuke.

Kesho yake asubuhi alimpigia Craig. Alisema amekosea, akamwomba alifute lile jina.

"Umekosea vipi?" Craig hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kutaka kujua. "Wiki iliyopita ulikuwa na hakika. Sasa ana mawazo?"

"Anayo."

"Umeyasikia?"

"Siwezi kuyasikia. Ni kaka yangu."

Telesia alieleza, akaeleza tena, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyosikia mwenyewe jinsi linavyofanana na kisingizio cha kumwokoa ndugu. Craig alipumua. "Telesia, ukiniambia nimbakize kwa sababu ni ndugu yako, unajua nitajibu nini. Niletee mawazo kabla mwezi haujaisha. Yenye majina. Hapo tutaongea."

Fe'ao aliporudi kazini, bado na ule mkeka wa msiba, Telesia aliitisha kikao. Kilikuwa cha mwisho, mwezi ulikuwa ukingoni. Walikuja, wakakaa, nyuso zile zile. Alisali. Akaandika swali lile lile ubaoni. Kisha akaweka kalamu mbele ya Bi Lupe, akabeba kiti chake.

"Mimi nakwenda stoo," alisema, akiutazama ukuta. "Mlango nitaufunga. Sitarudi mpaka mniite."

Akatoka. Alipita uani na kiti kichwani, wakaangaji wakimshangaa, akaketi kati ya magunia ya chumvi. Ukuta wa stoo, uliopakana na chumba cha kikao, ulikuwa wa mbao tupu.

Mwanzoni hapakuwa na kitu. Alijiambia, yumkini nimechelewa, yumkini watu hawa nimeshawaharibu. Kisha akasikia sauti ya Haloti, fupi, na ya Bi Lupe ikimkemea, na halafu ile sauti nene ya Fe'ao, ambayo mbele yake ilikuwa inakatika kila mara. Maneno hakuyapata. Alisikia tu ikipanda, ikituama, ikasema kitu kifupi. Chumba kikalipuka. Mmoja wa mabinti wa hesabu, wale wapole, alikuwa anacheka kwa kupiga yowe. Mtu alidunda meza kwa ngumi. Mwingine akadakia, mwingine akampiku, na kicheko juu ya kicheko, na katikati yake kalamu inakwaruza ubao kwa kasi.

Telesia alikaa pale akicheka peke yake kwa jambo asilolijua. Halafu wivu ukamwingia, kwa nini nisiseme kweli, ukamuuma. Hicho ndicho kikao alichokuwa amekitamani, kizuri kuliko vyote alivyowahi kuviongoza, na sharti lake moja lilikuwa yeye asiwepo.

Bi Lupe alikuja kumwita akiwa anafuta macho kwa upindo wa nguo. Alimpa karatasi kubwa iliyokunjwa, imejaa pande mbili. Mengine yalikuwa upuuzi mtupu. Lakini moja lilizungushiwa duara mara nyingi: hakuna Mtonga anayekwenda msibani, harusini wala kanisani na kipakiti cha kulisha ndege. Tutengeneze katoni kubwa, zito, la kubebwa na watu wawili, lenye utepe na mahali pa kuandika jina la familia. Watonga wa Auckland wana shughuli kila Jumamosi, na kila mtu anataka zawadi yake ionekane inaingia mlangoni.

Telesia alisoma mara mbili. Alilijua neno lile la ndege lilisemewa wapi na nani alikuwa jirani na tanuri kulisikia.

"Nani kasema hili?"

"Tumesema."

"Bi Lupe, nataka jina. Kazi ya mtu iko hapo."

"Mwanangu, nikikwambia nani kasema itabidi nikwambie lilivyosemwa," Bi Lupe alijibu, "na lilivyosemwa wewe hutakiwi kulijua mpaka unaingia kaburini." Akaanza tena kucheka, akaondoka kwa haraka.

Craig aliisoma picha ya karatasi ile siku ile ile, akapiga simu yeye mwenyewe. Katoni alilipenda mno. Ameshauliza wenye maduka wawili, wote wanalitaka. "Lakini sioni majina, Telesia. Nilikuomba majina. Fe'ao alisema lipi?"

"Sijui. Nilikuwa nje."

"Ulikuwa nje ya kikao chako mwenyewe?"

"Ndiyo maana kilikuwa kikao."

Craig alicheka kidogo, kisha akaacha. "Mshahara mmoja bado lazima utoke. Hilo katoni litachukua nusu mwaka kuanza kulipa. Nikuulize tena, na unijibu kwa haki: katika watu sita, nani hakutoa wazo hata moja?"

Telesia alitazama nje. Fe'ao alikuwa anavuka ua na gunia begani, mkeka mkuukuu unamgonga magotini. Alikuwa na jibu, na lilikuwa la kweli.

"Mimi," alisema.

Hakungoja aulizwe. Alisema ile kazi ya karani wa gatini, ya kuhesabu makontena yanapopakiwa melini, haina mtu tangu aliyekuwapo ahamie Australia, na mshahara wake unalipwa na bandari nusu. Yeye ataishika. Kitengo hakihitaji mkuu, kinahitaji mtu wa kushika kalamu, na Bi Lupe anaijua kuishika. Alisema hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, akaaga, akaweka simu mezani. Kisha akafunga mlango akalia, kwa sababu cheo alikuwa anakipenda.

Bi Lupe alibadilisha mambo machache tu. Zile kanuni za Telesia za ukutani aliziacha, akaongeza moja juu yake kwa mkono wake mbaya: kabla ya kukaa, ulizaneni nani ni nani wa nani. Wenye kaka au dada ndani wakawa wanaingia kwa zamu mbili.

Jumamosi, Telesia alikuwa sebuleni anamkanda mama yake miguu alipomwona mtu anaingia uani. Safari hii kapu lilikuwa kubwa la kuinamisha bega, na juu yake kahokaho, viazi vikuu vile vyeupe ambavyo mtu huwapelekea wakubwa wake tu. Fe'ao aliliweka jikoni. Lakini hakuondoka. Alikuja mpaka kwenye ngazi ya mlango, akakaa, mgongo kawapa wao, uso kauelekeza barabarani.

Telesia alitaka kunyanyuka aende chumbani. Mama akamshika mkono.

"Mama mkubwa," Fe'ao alisema, akiiambia barabara. "Nimekuja na neno. Mwambie dada yangu nimesikia alichofanya. Watu wanasema nimekula kiti cha dada yangu. Jumatatu naacha kazi, arudi mahali pake."

Mama alimgeukia Telesia, aliye hatua moja kutoka kwake. "Motu anasema anaacha kazi urudi."

Ofisini hakuwa na cheo tena, hata kalamu hakuwa nayo. Lakini hapa ndani ya nyumba ya mama yake alikuwa dada wa mtu, na neno la dada halina rufaa.

"Mama, mwambie kaka yangu, dada yake amesema hapana."

"Motu, dada yako amesema hapana."

Fe'ao aliinamisha kichwa. Alikaa hivyo, mikono katikati ya magoti, na Telesia akaona mabega yake yalivyoshuka, akashindwa kujua kama ni ahueni au ni uzito. Alimwonea huruma mno. Akataka kumpa kitu, na alichonacho kilikuwa kimoja.

"Na mwambie pia," alisema, "viazi tumeviona. Ila mara nyingine asituletee kwenye kapu tu kama tunalisha ndege. Alete kwenye katoni. Lenye utepe."

Mama, ambaye hakuelewa hata chembe, aliufikisha ujumbe neno kwa neno.

Pale ngazini mgongo wa Fe'ao ukaanza kutikisika. Aliuma kidole gumba, akainama mpaka paji la uso likagusa magoti, na ule mkeka mkuukuu wa msiba ukawa unachakacha kiunoni mwake kwa kutetemeka.

"Motu?" Mama aliita kwa wasiwasi. "Motu mwanangu, unalia au unacheka?"

Hakujibu, maana alikuwa mbele ya dada yake. Alisimama, akajifuta uso kwa kiganja bila kugeuka, akashika njia. Telesia alimsikiliza mpaka alipofika kona, na huko konani, alipodhani hasikiki tena, kicheko kikamtoka chote. Alikisikia chote, kisha akaenda jikoni kumenya viazi.